Babu wa Kwenye Pauni

Kibandiko chini ya kioo kilisema: "Pauni moja. 1926. Saini adimu ya gavana. Hali nzuri sana." Dardiri alikisoma mara ya pili, midomo ikichezacheza, kisha akagonga kioo kwa kidole kilichokomaa kwa kukata miwa.

"Na mtu yuko wapi?"

"Mtu gani?" aliuliza Daktari Wagdi. Daktari huyu hakuwahi kutibu hata paka. Udaktari wake ulikuwa wa noti kuukuu, na karibu kila noti iliyolala chini ya vioo katika ukumbi ule wa Kairo ilikuwa mali yake.

"Huyu, mwenye kilemba! Mwaka mmeandika, gavana mmeandika, hali mmeandika. Mwenye uso mmemruka. Huyu ni babu yangu, Bastawisi."

Wakusanyaji wa noti waliokuwa wakinywa kahawa pembeni wakaangua kicheko. "Watu wa Kusini hao!" alisema mmoja. "Kesho watakuja kudai yule simba wa mawe wa kwenye piramidi za Giza ni mjomba wao."

"Mjomba hapana," Dardiri akamjibu. "Lakini aliyebeba hayo mawe tunamjua. Hakuwa wa kwenu, maana wa kwenu wangeomba kwanza kahawa."

Daktari akainua mkono kuwatuliza. Alieleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mbuzi kusoma: noti ilichorwa Uingereza, ikachapwa Uingereza. Mchoraji alitakiwa kuweka mkulima, akaweka mkulima. "Ni mfano tu, ndugu yangu. Si mtu. Thamani iko hapa chini." Akaonyesha saini. "Gavana huyu wa benki, Mwingereza, ni adimu. Angesaini mwingine, bei ingekuwa robo."

Hebu tazama mambo hayo. Mwingereza alikuja kuhesabu pamba ambayo hakuilima, akakwaruza wino mara moja, na mkwaruzo wake unalipwa mpaka leo. Mkulima akatoa uso mzima, pua na yote, na mpaka leo anaitwa mfano.

Dardiri hakuja Kairo kwa ajili yake peke yake. Kwenye kiti karibu na mlango alikaa shangazi yake Bahiyya, kikongwe mwenye kapu la mikate iliyoumuliwa juani, ambayo alikuwa akiwagawia walinzi bila kuombwa. Bahiyya alizaliwa baba yake akiwa keshazikwa. Baba huyo alifia kwenye kazi ya kuchimba mfereji wa serikali, akarudishwa amebebwa juu ya mlango. Picha hakuacha. Akiwa mtoto, kila alipomlilia, mama yake alimwambia, "Nyamaza, baba yako yuko kwenye pauni. Mzungu alimchora akivuta maji." Lakini pauni zama zile haikulala kwenye nyumba ya udongo. Msichana akakua, akazeeka, asiuone uso wa baba yake. Gazeti lilipochapisha picha ya maonyesho haya, Dardiri aliapa mbele ya kijiji kizima kwamba atampeleka, na kwamba jina la babu litaandikwa chini ya kile kioo. Kurudi mikono mitupu kungekuwa kicheko cha msimu mzima.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Haji Shindi na wanawe wanne, wote wamepiga kanzu zilizonyooshwa. Haji Shindi alitoka ng'ambo ya mfereji, kijiji cha pili, mwenye ekari thelathini za miwa alizoachiwa na baba yake.

"Yuko wapi baba yangu?" alinguruma. "Nimesoma gazetini. Baba yangu yuko hapa!"

"Baba yako?" Dardiri akashika kiuno. "Huyu ni babu yangu!"

"Babu yako alikuwa na pua kama bamia. Tazama hii!" Haji akageuza uso upande, akatoa pua yake kama mtu anayenadi ng'ombe. "Mchoraji alimsimamisha baba yangu stesheni ya Luxor, akampa sigara."

"Sigara! Baba yako angeiuza sigara hiyo kabla haijawashwa!"

Wana wanne wakaanza kukunja mikono ya kanzu. Daktari akaruka katikati na lenzi yake ya kukagulia noti, na katika kuhangaika akajikuta anaikagua pua ya Haji, kisha pua ya Dardiri, kisha ya Haji tena. Wakusanyaji wakaacha kahawa zao. Mmoja alitaka kujua kama pua ya Dardiri nayo iko katika hali nzuri sana.

"Msipigane kabla sijamwona," alisema Bahiyya kutoka mlangoni. "Mleteni hapa karibu. Macho yangu hayafiki huko."

Daktari alisita. Lakini ngumi karibu na vioo vyake zilimtisha kuliko bibi kizee, basi akafungua kioo, akaitoa noti ikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, akamwekea magotini.

Bahiyya akainama mpaka ncha ya pua yake ikagusa plastiki. Dardiri alingoja machozi. Leso alikuwa nayo tayari.

"Kumbe uko hapa!" kikongwe akafoka. "Umri wangu wote unatembea mifukoni mwa mapasha na matajiri, umekwenda benki, umekwenda Uingereza, na hata siku moja hukupita nyumbani! Mama alikufa akisema unakuja. Na umenenepa, mashallah!"

Akaipapasa plastiki kwa kidole gumba, taratibu, pale kwenye shavu. Kisha akainua kichwa, akamtazama Haji Shindi.

"Wewe unasema ni baba yako?"

"Naapa kwa Mungu, mama!"

"Basi usiniite mama. Mimi ni dada yako." Akafuta mikono kwenye vazi lake jeusi. "Ekari thelathini. Wewe mafungu mawili, marehemu kaka yangu Abulwafa mawili, mimi la mwanamke, moja. Ekari sita zangu ziko wapi, ndugu yangu?"

Dardiri alianza kutabasamu. Abulwafa alikuwa baba yake.

Haji Shindi aliichukua lenzi mkononi mwa daktari, akaitazama noti kwa muda mrefu. "Unajua," akasema, "nikitazama vizuri, baba yangu alikuwa na pua nyembamba. Nyembamba sana. Tulimwita Sindano." Akawakusanya wanawe, na ng'ambo yote ya mfereji ikatoka kwa haraka kuliko ilivyoingia.

"Umeona, shangazi!" Dardiri akapiga makofi. "Daktari, andika. Bastawisi, babu yake Dar—"

"Ngoja," alisema Bahiyya. "Baba aliacha ekari moja na nusu. Baba yako alikula fungu langu, nawe unaendelea kulila. Nyati wako wa maziwa amesimama juu yake sasa hivi, anatafuna. Niambie mbele ya uso huu: huyu ni babu yako au si babu yako?"

Wanaume wa Kusini ni hodari kurithi ardhi ya dada zao, na hodari zaidi kuita jambo hilo mila. Dardiri alitazama mlango aliopitia Haji. Ulikuwa wazi. Pua ni kitu cha kubadilika. Angeweza kusema mwanga si mzuri. Akilini akamwona nyati, akaona majani mabichi. Akaona pia kile kidole gumba kilichokauka, bado kiko juu ya shavu la mkulima, hakitoki.

"Ni babu yangu," akasema. "Na nusu ekari ni yako. Mavuno haya haya."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mashahidi, mbele ya gavana, mbele ya nani tena, shangazi!"

Daktari Wagdi alitoa kibandiko kipya na kalamu. "Hakitaongeza bei hata piastri," alinung'unika. "Niandike nini?"

"Andika: Bastawisi, baba yake Bahiyya," alisema kikongwe.

Dardiri akashtuka. Kwao jina la mwanamke wa nyumbani halitajwi mbele ya wanaume wageni. Hata kwenye kadi za harusi bibi harusi huwa "binti wa fulani" tu. Na hapa litawekwa Kairo, chini ya kioo, taa zikilimulika!

"Bahiyya," alirudia daktari. "Sikusikia vizuri. Linaandikwaje?"

Kikongwe hakujua kusoma. Akamgeukia mpwa wake, akangoja.

Dardiri akamsogelea daktari, akainamia kibandiko. Kisha akalitaja kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, mpaka walinzi waliokuwa wakitafuna mkate mlangoni wakageuka.