Kisanduku Kitupu

Mwaka 2001 Nasma alitoka kwao Makambako akaajiriwa Njombe, kwenye mradi wa lishe ya watoto uliopanga nyumba mtaa wa Ramadhani. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta taarifa za zahanati: kijiji, idadi ya watoto, asilimia ya waliopimwa uzito. Jedwali lilikuwa refu, na mkuu wake, Bwana Emanuel, alilitazama juujuu tu.

"Macho yanachoka, dada," alisema. "Namba zote zinafanana."

Nasma akajifunza jambo jipya katika ile programu. Aliichagua safu ya asilimia, akaiwekea sharti: namba ikiwa chini ya hamsini, kisanduku chake kigeuke chekundu. Alipobonyeza, visanduku vitatu vikawa vyekundu. Viwili vilikuwa na namba ndogo kweli. Cha tatu, cha Lyamwino, kijiji cha upande wa Lupembe, hakikuwa na namba yoyote.

Bwana Emanuel akacheka. "Kompyuta imekosea. Hapo hapana kitu."

"Yenyewe ikiona patupu inahesabu sifuri," Nasma alieleza. Akaongeza sharti la pili, palipo patupu pawe njano. Kisha akasita. "Lakini bosi, kwa nini pawe patupu?"

Wakafungua taarifa za nyuma. Tangu masika Lyamwino ilikuwa haijaleta namba, na hakuna aliyeuliza.

Wakaamua kwenda kujionea wenyewe, lakini gari la mradi lilikuwa gereji. Nasma akampigia simu mjomba wake Dulla, aliyekuwa akitoka Makambako na lori kufuata mbao huko huko Lupembe. Kesho yake akawapitia, wakapakia na mizani ya kuning'iniza iliyokuwa stoo, pengine ingehitajika.

Mhudumu wa zahanati, Mama Yunisi, aliwapokea mlangoni kwa salamu ya Kibena. "Kamwene! Nilidhani mmetusahau. Mizani yetu ilikatika, nikatuma habari, kimya. Akina mama wakachoka kuja bure."

"Tumechelewa, mama. Tusamehe," Bwana Emanuel alisema, akapanda kwenye benchi na kuifunga mizani darini kwa mkono wake.

Habari zikaenea. Kufikia adhuhuri baraza la zahanati lilikuwa limejaa akina mama na watoto. Mtoto wa Lukresia, mmoja wa akina mama hao, alionekana amepungua sana, akaandikiwa unga wa lishe siku hiyo hiyo. Wengi walikuwa wazima, wakipiga mateke hewani na kulia kwa nguvu.

"Mwezi ujao mnapima tena?" Lukresia aliuliza.

"Tunapima," Nasma alijibu, akimnyooshea mikono mtoto aliyefuata.