Kidole cha Mpelelezi

Mpelelezi alikataa kumnyooshea kidole muuaji, na filamu ilitakiwa kukabidhiwa Ijumaa saa sita mchana.

Ilikuwa filamu ya wanafunzi, ya dakika kumi na moja. Mama mwenye nyumba anauawa, wapangaji wanne wanakalishwa sebuleni, mpelelezi anazunguka nyuma ya viti vyao, anasimama, ananyoosha mkono na kusema, "Ni wewe." Muuaji kwenye hadithi ni mpangaji wa chumba namba tatu, na siku ya kupiga picha mpelelezi alimnyooshea huyohuyo. Watu saba walimwona. Lakini picha zilipoingia kwenye laptopu, mkono ulielekea kwa mpangaji, halafu kidole kikajipinda kwenda kulia, juu kidogo, nje ya picha.

"Ulimwelekeza vibaya," Mkasi alimwambia mwongozaji. Mkasi ndiye mhariri. Jina alipewa na wenzake mwaka wa kwanza, kwa kuwa hakuna kipande alichokionea huruma.

"Mimi? Baba yako mwenyewe kapinda kidole, lawama nibebe mimi?"

Mpelelezi alikuwa baba yake Mkasi. Mwigizaji waliyemchagua aliingia mitini asubuhi ya kupiga picha, na mzee alikuwa na nafasi. Alikuwa na nafasi tangu mwezi wa pili, alipofukuzwa kazi ya kutunza stoo katika chuo hichohicho, baada ya miaka kumi na minane, kwa sababu ya kupotea kwa kamera namba saba. Koti refu analo, na kusimama kimya anajua. Wakaona anafaa.

Kamera hiyo mkuu wa idara aliichukua Ijumaa moja jioni, akasema atasaini Jumatatu. Mzee hakumshikilia. Nani angemtilia mkuu kalamu mkononi? Jumatatu mkuu hakukumbuka kitu, daftari la stoo halikuwa na saini, na kamati ya watu watatu iliandika barua ya aya moja. Tangu hapo makundi sita ya wanafunzi yaligombea kamera moja kuukuu, kila kundi siku moja, hakuna kurudia. Ndiyo maana shoti ile haikuweza kupigwa upya.

Mkasi alijaribu kila alichokijua. Aligeuza picha, kulia ikawa kushoto. Kidole nacho kiligeuka, kikaelekea palepale. Alitumia shoti ya pili, halafu ya tatu. Mwongozaji alichoka, akaizungusha laptopu juu ya meza ili aone vizuri, na kidole kikazunguka ndani ya kioo kama sindano ya dira, kikatulia upande uleule.

"Rudisha," alisema Mkasi.

Akarudisha. Kidole kikarudi.

Waliibeba laptopu ikiwa wazi, wakapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza kidole kilikuwa bado kinaangalia juu. Ghorofa ya pili kilinyooka sawasawa, na walipofika mlango wa mwisho wa korido kiliutazama mlango. Walipoupita, kikatazama nyuma. Ulikuwa mlango wa mkuu wa idara.

"Basi tumejua," mwongozaji alisema. "Sasa tunafanyaje na filamu?"

Siku zilizofuata walikizoea. Asubuhi kilikuwa juu kulia. Saa kumi na nusu kilianza kushuka taratibu, kikafika maegesho ya magari, kikavuka geti na kuelekea mtaa anaokaa mkuu. Jumamosi kilizunguka mji mzima, kikasimama kwa saa mbili kwenye ukumbi mmoja wa harusi na kwa saa tatu kwenye mwingine. Wanafunzi wa makundi mengine walikuja kuchungulia, wakasema "Eh, kamera ndiko iliko," wakarudi kwenye foleni ya kamera kuukuu.

Jumanne walimwonyesha mwalimu wa uhariri. Alitazama mara mbili, akasafisha miwani, akatazama tena.

"Kosa la mwendelezo," alisema. "Hadithi inasema mpangaji, kidole kinasema kwingine. Alama kumi zimeondoka hapo."

"Mwalimu, kidole kinaelekea ofisini kwa mkuu," alisema Mkasi.

"Nina macho, binti."

"Iliko kamera."

"Nimesema nina macho. Mimi nasahihisha filamu. Mambo ya kamera yalikuwa na kamati yake, na kamati ilimaliza."

Mwalimu alikuwa mmoja wa wale watatu wa kamati.

Jumatano mkuu wa idara mwenyewe alipita chumba cha uhariri, begi jeusi begani. Kidole kilimfuata kuanzia mlangoni. Akakaa kiti cha kwanza, kikamwelekea ubavuni, kwenye begi. Akahamia kiti cha tatu, nacho kikahamia.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila hicho kidole kinasumbua jicho. Kikateni."

"Tukikata, watu hawatajua muuaji ni nani," alisema Mkasi.

"Watamjua. Mpangaji ana sura ya kuua." Alisimama, akapandisha begi vizuri begani. "Ijumaa saa sita, vijana. Atakayechelewa anarudia mwaka."

Mkasi aliikuza picha kidogo tu, ncha ya kidole ikatoka nje ya fremu. Jioni aliporudi nyumbani alimkuta baba yake anafunga vifungo vya shati kwa shida. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimepungua pingili moja, pamoja na ukucha. Hakukuwa na damu wala kovu. Ngozi ilikuwa laini, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Umekata leo?" baba aliuliza.

"Nimekuza picha kidogo."

"Nilihisi. Kama saa tisa hivi."

"Saa tisa na robo."

Mama, aliyekuwa anapanga nguo kabatini, hakugeuka. "Mtaniambia mapema mkifika kwenye mkono," alisema, "nipunguze mashati."

Mkasi alikaa chini. Alisema hatakata tena. Filamu itakwenda na kidole chake, wampe sifuri, arudie mwaka, na wakimkataa, basi. Alisema anataka ukumbi mzima ukione mahali kinapoelekea.

"Wamekiona wangapi mpaka sasa?" baba aliuliza.

"Darasa zima. Mwalimu. Mkuu mwenyewe."

"Wamefanya nini?"

"Mwalimu kaondoa alama kumi. Mkuu kasema tukikate."

"Mama," baba alimwita binti yake hivyo akiwa hana utani, kwa kuwa alipewa jina la bibi mzaa baba. "Kidole hiki nilikinyoosha mbele ya kamati, kikiwa kizima, na ukucha wake. Nikasema, yule pale. Wakaangalia dari. Sasa ukikipeleka ukumbini, watu mia wataangalia dari badala ya watatu. Na wewe utarudia mwaka. Kata."

"Baba, ni kidole chako."

"Ningekuwa fundi saa ningekililia. Hapa nyumbani kazi yake ni kubonyeza rimoti." Aliutazama mkono wake, akaugeuza. "Tena wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa."

"Wahenga hawakusema kikatwe," mama alisema kutoka kabatini.

"Hawakuwa na tarehe ya kukabidhi."

Alhamisi Mkasi alifungua shoti ya mwisho. Aliipitia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mara ya mwisho alipiga simu nyumbani kwanza.

"Baba, umekaa?"

"Nimekaa. Fanya kazi yako."

Akaikata shoti. Mkono ulipanda, fremu ikaishia pale kidole kinapoanzia, sauti ikasema "Ni wewe," na mpangaji wa chumba namba tatu akainamisha kichwa. Kila kitu kilikaa sawa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na alitamani kuivunja laptopu.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi katika ukumbi wa chuo. Mkuu wa idara alisimama pembeni akirekodi tukio zima kwa kamera namba saba. Namba ilionekana vizuri, maana mzee aliiandika kwa rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu wa uhariri alimsaidia kushika waya. Mzee alikuwa safu ya pili na mkewe. Kamera ilipogeuzwa kwake alinyoosha mkono wa kulia kuielekea. Vidole vitatu vilikuwa vimekunjwa, gumba limelala juu yake, na mahali pa kile cha nne hapakuwa na kitu. Mkuu alidhani anasalimiwa, akampungia.

Watu walipiga makofi. Muuaji walimwelewa.

Zilikatwa sekunde sita, ambazo ni fremu mia moja arobaini na nne. Filamu ilipata alama sitini na nane, na Mkasi hakurudia mwaka. Miaka kumi na minane ya stoo haikurudi. Makundi sita yalibaki na kamera moja. Kwa mzee kiliondoka kidole kimoja cha mkono wa kulia, pingili tatu, ukucha mmoja.