Mchezo wa Kuruka Ntumba

Jumapili moja ya mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza kupungua, Zubery, mwenye duka mjini Sumbawanga, alipakia familia yake kwenye lori lake akaipandisha mlimani, upande wa Mollo. Mkewe Hamisa alikaa mbele na sufuria ya pilau mapajani, imefungwa kwa kitambaa. Watoto, Kulsumu na mdogo wake Saad, walisimama nyuma wameshika mabomba, upepo ukiwachapa usoni hadi machozi yakawatoka. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kila mtu akitakiwa alime, na sakafu ya lori bado ilikuwa na punje za mahindi ya Namanyere.

Hawakwenda kupunga upepo tu. Shuleni Kulsumu alikuwa ameulizwa na wenzake, mbele ya darasa zima, kwao wanalima wapi. Akakosa jibu, wakamwita mtoto wa duka. Zubery alizaliwa Sumbawanga, na baba yake amezikwa Sumbawanga, lakini jembe hakuwahi kulishika. Basi akaenda kwenye mkutano wa kijiji, akasimama, akaeleza alivyoulizwa binti yake, akaomba shamba. Alisema yeye ni mtoto wa Ufipa na kilimo cha huku anakijua. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Oswaldi, akamjibu neno moja tu: "Tumekusikia." Tangu hapo kimya. Zubery aliona si vibaya wanakijiji wakamkuta huko juu na mkewe na watoto, wameizoea ardhi kama wenyeji wake.

Walitandika mkeka chini ya mwamba mkubwa, karibu na kijito. Kulsumu alirusha tiara, upepo ukakata uzi na kuipeleka bondeni. Saad akaanza kutetemeka.

"Baba Kulsumu, hebu wachezeshe hawa wapate joto," Hamisa alisema. "Ukimwacha hivi, leo usiku ni kikohozi."

Mbele yao uliteremka mteremko uliojaa ntumba, yale matuta ya duara ya Wafipa, kila moja likifika magotini, safu kwa safu hadi chini. Zubery alikuwa ameziona maisha yake yote kupitia kioo cha lori.

"Tutaruka kutoka hii hadi ile," alisema. "Atakayegusa chini ametoka. Vueni viatu!"

Kulsumu alisita. "Baba, si za watu hizi?"

"Za watu gani? Shamba la watu lina mazao. Hapa unaona zao gani?"

"Sioni."

"Basi. Haya ni majani tu, wameyakusanya ili yakikauka wayachome. Mimi si mgeni hapa, mwanangu."

Wakaruka. Ntumba zilikuwa laini, zikididimia chini ya miguu kama godoro, na nyasi za ndani zikachomoza ubavuni, bado za kijani. Saad alicheka hadi akapata kwikwi. Zubery, mtu mzima mwenye kitambi, alikunja suruali akateremka akiruka hadi mwisho wa shamba huku mkewe akimpigia vigelegele kutoka kwenye mkeka. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alifurahi namna ile. Wakarudia, wakabadili safu, wakarudia tena. Kisha wakanawa miguu kijitoni, wakavaa viatu, wakaketi kula.

Pilau lilikuwa limefika nusu pale mzee Oswaldi na mkewe Kalista walipotokea kwa njia ya juu, wakirudi kanisani, rozari ingali mkononi mwa Kalista. Zubery aliinuka haraka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjini hawajambo?"

"Hawajambo. Tumekuja kuwaonyesha watoto kwao. Karibuni chakula."

"Asante. Mmefanya vizuri kuja," Oswaldi alisema. Akageuka kutazama mteremko. Macho yake hayakuwa mazuri tena kwa mbali, lakini safu zilizovunjika aliziona.

"Ng'ombe," alisema. "Ng'ombe wa Alois wameingia tena. Yule mtu nimemwambia azibe zizi lake, hasikii. Safari hii namfikisha kwenye halmashauri." Akamgeukia Zubery. "Mmewaona?"

Zubery alikuwa na nafasi ya kusema. Jibu alikuwa nalo, fupi na rahisi.

"Sisi tumefika si muda mrefu, mzee," alisema.

Kijiko cha Hamisa kikasimama hewani. Kulsumu aliinamisha kichwa, akaanza kuvutavuta nyuzi za mkeka.

"Siyo ng'ombe, babu!" Saad alidakia, mdomo umejaa wali. "Ni sisi! Tumeruka zote! Baba ndiye bingwa, amefika mpaka kule chini!"

Oswaldi aliteremka taratibu, akainama kwenye ntumba ya kwanza, akashika nyasi zilizochomoza, akatazama nyayo za miguu mitupu, kubwa na ndogo. Aliporudi, uso wake haukuwa na hasira, na Zubery angefurahi zaidi kama ungekuwa nayo.

"Unajua hizi ni za nani?"

"Za kijiji, mzee?"

"Zako."

Zubery alimtazama asielewe. Kalista ndiye aliyemweleza, kama mtu anavyomweleza mtoto.

"Ulipoondoka mkutanoni tulikaa. Tukasema, huyu akingoja mvua za Desemba ndipo aje na jembe, hatavuna kitu. Ulezi wetu hupandwa kwenye nyasi zilizooza. Nyasi zinafukiwa sasa, udongo ungali laini, zinaoza kiangazi chote, mvua zikianza unazitawanya ndipo unapanda. Tukapika togwa, tukaja watu wa kijiji kizima tukakutengenezea ntumba hizi. Tulitaka uje uonyeshwe Jumanne."

"Na aliyetoa neno ni Alois," Oswaldi alisema. "Wengine walisita. Yeye akasema, mtoto wa yule bwana akiulizwa kwao wanalima wapi, awe na pa kuonyesha. Safu ile ya katikati ni kazi ya mkono wake."

Safu ya katikati ndiyo iliyompa Zubery ubingwa. Hakuthubutu kumtazama binti yake.

"Mzee, nisamehe. Sikujua."

"Ntumba hukujua. Hilo si kosa, tutakufundisha." Oswaldi alivua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye mwamba. "Lile la ng'ombe ulilijua."

Kalista alijifunga kanga vizuri kiunoni, akamwita Kulsumu. "Njoo, mjukuu wangu. Majani kwanza, uyakunje hivi, kisha udongo juu. Usiache hata jani moja likichungulia, litaota." Akamtupia Zubery jicho. "Na bingwa wetu naye ateremke. Safari hii apite katikati, asipite juu."

Hamisa alicheka kidogo, akajizuia. Zubery hakucheka. Alipiga magoti kwenye udongo baridi akaanza kukusanya nyasi kwa mikono. Walifanya kazi hadi jua likaegemea magharibi, na hawakufika hata nusu. Ntumba zake zilikaa upande. Kalista alizipitia moja moja nyuma yake, akizirekebisha.

Wakati wa kuteremka Zubery aliendesha polepole. Nyumba ya Alois ilikuwa kando ya barabara, zizi upande mmoja. Lango la zizi lilikuwa limefungwa kwa magogo mapya, na ng'ombe wote wamo ndani. Zubery aliona, akafunga breki.

"Tukungoje?" Hamisa aliuliza.

Lingekuwa jambo rahisi: awaache ndani ya lori, aende peke yake, aseme kwa sauti ya chini. Alizima injini.

"Hapana. Shukeni wote. Kulsumu, nawe njoo."

Alois alikuwa ametoka mlangoni tayari, mtu mrefu mwenye shati la viraka. Alipomtambua mgeni akanyoosha mikono yote miwili, akaita kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani:

"Karibu, mkulima mwenzetu! Umeshaliona shamba?"

Zubery alisimama uani, watoto wake wakiwa pembeni yake na udongo ungali kwenye kucha zake.

"Nimeliona, ndugu Alois," alisema. "Nimekuja kukwambia nililolifanya, na nililolisema juu yako."