Salamu ya Watu Wote

Asubuhi ya Krismasi, kabla hata chai haijachemka, mwalimu wa kwaya alikuwa ameshawatakia heri watu wote aliowajua. Aliandika salamu moja kwenye simu, akaipamba kwa kengele na nyota, akabonyeza, ikaenda kwa wachungaji, majirani, hata kwa yule fundi bomba aliyemkorofisha mwaka juzi. Kidole kimoja kikafanya kazi ya miguu ya watu wengi. Akajiona bingwa.

Zamani haikuwa hivyo. Siku kama hiyo, ibada ikiisha, kwaya nzima ilikwenda kumwimbia mgonjwa nyumbani, yeyote aliyeshindwa kufika kanisani. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeanzisha jambo hilo, na waliolalamikia njaa aliwajibu, "Mungu angetaka kutuma salamu tu, manabii walikuwepo. Krismasi alikuja mwenyewe." Wakacheka, wakaenda. Mwaka huu kila mtu alikuwa na safari zake, naye akaona salamu inatosha. Kuona huko ndiko kulikomponza.

Baada ya chakula alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, anafurahia majibu yanavyoingia, mkewe alipouliza, "Na Besi je, amejibu?"

Besi alikuwa seremala, na sauti yake nzito ya besi, iliyompa jina hilo, ndiyo iliyoibeba kwaya miaka nenda miaka rudi. Mwaka huo kisukari kilikuwa kimempofusha. Mwalimu aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Yaani amemtumia kipofu maandishi!

Alipofika kwa Besi aliona mabenchi yamepangwa uani, yamefutwa vumbi, hayana mtu. Mke wa Besi alimwahi mlangoni, akamvuta pembeni.

"Shemeji, nilimsomea salamu yako. Akaniuliza, 'Jina langu lipo?' Ningesema nini? Nikasema lipo. Nikaongeza na mengine, Mungu anisamehe. Nikamwambia umeandika kwamba kwaya haijapata tena besi kama yeye."

"Na haya mabenchi?"

"Kapanga mwenyewe, kwa kupapasa. Anasema mtu aliyeandika maneno hayo hawezi kukosa kuja na wenzake. Nakuomba, usiniumbue."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu, tena aibu kubwa, maana mama huyu alikuwa amemwazima wema ambao yeye hakuwa nao.

Ndani, Besi alikuwa amekaa kitini, amevaa joho la kwaya, vifungo vimepishana.

"Huo mwendo naujua," alisema, uso umemchangamka. "Karibu, Mwalimu! Wengine wamekwama wapi? Au wale wa sauti ya kwanza bado wanajipodoa?"

"Hawaji, ndugu yangu. Nimekuja mimi tu."

Besi akaanza kufungua vifungo vya joho, kimoja baada ya kingine, bila haraka, akalivua, akalikunja mapajani. Mwalimu aliona heri angetukanwa.

"Si neno," Besi alisema mwishowe. "Wewe umenikumbuka kwa jina. Wengine hata hilo hawakufanya." Akapapasa mezani, akachukua simu, akamnyooshea. "Mke wangu kusoma anasoma, ila ana haraka. Nisomee wewe. Nataka niyasikie kwa sauti yako."

Mwalimu aliishika ile simu. Kengele, nyota, heri kwako na familia yako yote, basi. Pale mlangoni mke wa Besi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Ndugu yangu Besi," mwalimu alianza kusoma yasiyoandikwa, wala hakufika mbali. Akaishusha simu.

"Endelea," Besi alisema, ameinamisha kichwa kusikiliza. "Hapo kwenye habari za kwaya ndipo panaponipendeza."