Mkono wa Mdogo Wake

Mkono uliofungwa mkanda wa kupimia presha ulikuwa wa mdogo wake, lakini jina lililoitwa lilikuwa lake yeye. Mwendesha winchi alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini, akijifanya msindikizaji. Alimtazama muuguzi akibonyeza kitufe na mkanda ukivimba, akamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili.

Wazo lilikuwa lake. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye yalikuwa yamemfika puani. Kampuni ilishampima mara mbili, na mara zote mbili ikamkuta presha iko juu. Msimamizi akamwambia bila kupepesa macho: safari hii ikiwa juu tena unashuka kwenye winchi, na huku chini sina kazi ya kukupa. Unga ndio huo unamwagika, na nyumbani kuna mke, mama mkwe, na watoto ambao hawajawahi kukubali kwamba kula ni jambo la hiari.

Dawa alipewa. Alizimeza kichwa kilipogonga, kikinyamaza akaziacha, kama wafanyavyo wengi mtaani kwao. Jirani akiishiwa alimgawia. Akiishiwa yeye, naye aligawiwa. Kidonge si kidonge tu? Mpaka siku ile kule juu macho yalipoingia giza, mzigo wa nondo ukayumba juu ya vichwa vya wenzake, nao wakapiga kelele na kucheka wakidhani anawatania. Hakumwambia mtu. Ila tangu hapo alipanda ile ngazi akiomba dua.

Mdogo wake, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa mzima. Hanywi, havuti, haendi popote ila kwa kukanyaga pedeli, na mtaa mzima ulimwita Upepo. Alipoombwa aje apimwe badala ya kaka yake, alicheka mpaka akaweka spana chini.

“Kaka, presha mimi naijua ya matairi tu,” alisema. “Twende nikakupimie.”

Sasa mashine ililia. Muuguzi akatazama tarakimu. Akafungua mkanda, akaufunga upya, akapima. Akahamia mkono wa pili.

“Umekuja unakimbia?”

“Nimekaa hapa tangu nifike, dada. Nikimbie juu ya benchi?”

Muuguzi hakucheka. Alitoka, akarudi na daktari, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning’inia kifuani.

“Kichwa hakikuumi, baba?” daktari aliuliza.

“Hata kidogo.”

“Macho?”

“Asubuhi yana ukungu. Vumbi la kazini hilo.”

“Mikono, miguu?”

“Huu wa kulia unakufa ganzi tangu jana. Niliulalia vibaya.”

Tangu jana! Mwendesha winchi alikuwa hajalisikia hilo. Alikaa wima.

Daktari aliugeukia mchoro uliobandikwa ukutani. Ulikuwa na mstari mwekundu wenye kupanda, idadi ya wenye presha, uliochorwa na wizara kwa kadiri ilivyowapima watu wazima wa nchi nzima, mwaka baada ya mwaka. “Nilipoanza kazi mstari huu ulikuwa huku,” alisema, akigusa chini kabisa ya karatasi. “Tarakimu kama zako nilizikuta kwa wazee. Siku hizi naletewa watu wa umri wako, wanaingia wanataniana na muuguzi. Wengi hawajui hata kama wamo humu.” Akafungua faili la mezani. “Hizi dawa ulizoandikiwa mwaka jana, unazimeza?”

Upepo alimtupia kaka yake jicho la pembeni. “Kila siku, daktari. Sijaacha hata mara moja.” Alisema kwa fahari, akijua anamjengea kaka yake jina jema.

“Basi hazikutoshi. Muuguzi, tumwongezee nguvu ya dawa, aanze sasa hivi, kisha tumlaze.”

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ikiishia mwilini mwa mtu ambaye hakuwahi kumeza hata kidonge kimoja cha presha. Mwendesha winchi alilijua hilo, akabaki amekaa. Atamvuta nje. Atamwambia asimeze, atampeleka hospitali nyingine kwa jina lake mwenyewe, na winchi itabaki. Wazo lilimjia na, jamani, alilikaribisha. Hata mama yao, aliyeanguka ghafla, walimzika wakisema ni uchovu, na maisha yakaendelea.

Upepo akainama kuokota ndala iliyomtoka mguuni. Aliikosa. Akainama tena, vidole vikapita pembeni yake, naye akaanza kucheka, na kicheko kile kilikwenda upande mmoja tu wa uso.

“Siye!” Kofia ilianguka sakafuni. “Daktari, huyo siye. Mgonjwa wenu ni mimi! Huyo ni mdogo wangu, dawa hizo hazijui. Msimpe dawa zangu, nawaomba, msimpe!”

“Kaka, nyamaza,” Upepo alisema. Ulimi ulikuwa mzito. “Utamwaga unga.”

“Umwagike!”

Daktari aliwatazama wote wawili. “Nyinyi watu,” alianza, kisha akaliacha neno hapo, akaita machela kwa sauti iliyowaamsha waliokuwa wakisinzia nje. “Jina lake la kweli nani?”

Mwendesha winchi alilitaja. Muuguzi akafuta lile la kwanza.

“Na kazini kwako nitaandika nilichokiona,” daktari alisema huku akishika kichwa cha machela.

“Andika, mama.”

Walitoka wakienda kwa haraka, magurudumu yakigongagonga kwenye vigae, na watu wakijibanza ukutani kuwapisha. Mwendesha winchi alikimbia ubavuni, akijikwaa. Mtu wa kupandisha vyuma vizito mpaka juu ya majengo, na leo hakuwa na cha kuinua.

“Kaka.”

“Naam, mdogo wangu.”

“Nishike mkono, basi. Naogopa.”

Mwendesha winchi alitazama chini. Alikuwa ameushika ule mkono wa kulia tangu watoke chumbani, ameukaza kwa viganja viwili.

“Nimekushika,” alisema, akazidi kukaza.

“Bado, Kaka,” Upepo alisema. “Nishike.”