Maji ya Mimbarani

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mchungaji, na akipanda mimbarani kushuka kwake ni majaliwa. Watoto huingia kanisani wamenenepa wakatoka wamekonda. Na Jumapili hagusi maji hata tone. Baba yake, aliyelichunga kanisa hilo kabla yake, hakuwahi kuonekana akielekea chooni, kwa hiyo waumini wanaamini mtumishi wa Mungu aliumbwa bila bomba hilo.

Basi jiwe likamwota kwenye figo. Nilimkuta sakafuni jikoni kwangu, amekumbatia mguu wa meza, jasho linamtoka, anamkemea shetani.

"Shemeji," nikamwambia, "huyu hasikii. Tujaribu hospitali."

Jiwe lilitoka lenyewe, kwa ukelele uliofanya wodi nzima idhani kuna mtu anajifungua. Wakatuonyesha kwenye kikopo. Punje ya mchele ni kubwa zaidi.

"Ndilo hili tu?" nikauliza.

Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

Daktari alikuwa binti wa kumwita mwanangu, lakini hakucheka. "Mzee, mkojo wako rangi ya chai. Nataka uwe mweupe, karibu na maji. Kunywa kutwa nzima, usingoje kiu. Kamulia limau humo. Chumvi punguza, nyama punguza."

"Na maziwa niache? Watu wanasema ndiyo yanaleta mawe."

"Usiache. Kunywa pamoja na chakula. Ila sikiliza, baba: figo ya kushoto imeshachoka. Jiwe lingine likiziba huko, siahidi kuiokoa."

Tangu siku hiyo anakula kwangu, maana mkewe anamwonea huruma na mimi simwonei. Kidude cha chumvi nilikificha nyuma ya picha ya marehemu. Shemeji alizoea kunyunyiza kabla hata ya kuonja. Akatia kijiko mdomoni, akakitoa.

"Shemeji, hiki chakula kimekufa lini?"

"Hakijafa. Kimeokoka, kimeacha mambo ya dunia."

Siku za kazi alitii. Jumapili nilipomwekea jagi la maji na bilauri mimbarani, akaja akalisukuma kando.

"Nikibanwa je? Nishuke mbele ya watu? Baba hakushuka hata siku moja."

"Na baba alikufa na nini?"

Akatengeneza kola ya joho. Akaitengeneza tena.

"Figo," akasema.

Nikamimina. Akanywa bilauri nzima, na ya pili, nami nikaenda kukaa.

Katikati ya mahubiri nikaona miguu inabadilishana chini ya joho. Mara akapaza sauti: "Tusimame! Kila mtu afumbe macho aombe kwa sauti yake, na asifumbue mpaka mnisikie nikisema amina!"

Mimi ni mtu wa maombi, lakini jicho moja niliahidi kumwangalizia marehemu mdogo wake. Nikamwona anapandisha joho, huyo, mlango wa pembeni.

Tukaomba. Tukaomba sana. Watu wakaishiwa dhambi zao wakaanza kuungama za majirani. Mimi nilimaliza ndugu ninaowapenda, nikafika kwa wale wengine, na amina bado. Nikajiambia: jiwe lingine hilo. Nikatoka mbio.

Nyuma ya kanisa, kwenye mlango wa choo, kulikuwa na foleni. Mweka hazina mbele, kisha mwalimu wa kwaya, kisha wazee wa kanisa, wote wa viti vya nyuma, waliokuwa karibu na mlango. Wa mwisho shemeji yangu, magoti ameyabana kama mkasi.

"Shemeji," akaninong'oneza, "nimewafumba macho mwenyewe, wakanitangulia."

Mzee mmoja akageuka, haya zimemjaa. "Mchungaji, utusamehe. Miaka yote hii tulikuwa tunangoja wewe ushuke kwanza."

"Mpisheni!" nikasema. "Huyo ana figo mbovu, nyie mna tamaa tu."

Wakampisha.

Aliporudi mimbarani akasema amina, na macho yote yakafumbuka kwa pamoja, kama kweli yalikuwa yamefumbwa. Akachukua jagi, akajimiminia, akanywa taratibu mbele ya kanisa zima.

Siku hiyo tulifika nyumbani jua halijawa kali, nami nikamshukuru Mungu kwa figo za shemeji yangu, zote mbili.