Ubao wa Mlangoni kwa Papa Édouard

Ubao wa mlangoni kwa Papa Édouard ni wangu. Chumba cha video ni chake, televisheni ni yake, hata jenereta inayokohoa nyuma ya ukuta ni yake, lakini ubao ni wangu, na Kalembe nzima inajua. Zamani aliandika juu yake jina la filamu na saa ya kuanza, basi. Mimi nilikuwa nakaa chini yake na beseni langu la maandazi, na watu wakifika waliniuliza mimi, si yeye: Mama Adelaïde, ya leo ikoje? Nikachoka kurudia jibu lile lile kwa kila mmoja. Nikachukua chaki.

Siku ya kwanza alinikasirikia sana, maana chini ya filamu yake mpya ya helikopta niliandika hivi: "Bunduki haziishiwi risasi. Aliyeitunga hajawahi kukimbia na godoro kichwani." Aliifuta, akaandika kwa mkono wake kwamba ni filamu kali, ya kutetemesha, msikose. Watu walifika, wakasoma, wakauliza Mama Adelaïde alikuwa ameandika nini, kisha wakaenda zao kunywa. Kesho yake alinirudishia chaki bila kunitazama usoni.

Tangu hapo sijamwachia. Filamu ya Wahindi niliandika: "Wanaimba kwenye mvua nguo zikiwashika mwilini na hakuna anayekohoa. Msichana huyu angeweza kupata mume bora." Ile ya karate: "Mzee mwenye ndevu ndiye mzuri peke yake, na wamemuua mapema. Mkichelewa kuingia hamjakosa kitu, ila huyo mzee." Katuni ya punda mdogo anayeogopa mto, ambayo wanaume waliidharau kwamba ni ya watoto: "Hii ndiyo bora tangu mvua zianze. Mwisho anavuka. Nimelia. Anayetaka kunicheka anifuate hapa kwenye maandazi." Hakuna aliyenifuata. Waliingia, wakatoka macho mekundu, wakisingizia moshi wa jenereta.

Kanuni yangu ni moja tu: siandiki juu ya filamu ambayo sijaitazama mpaka mwisho. Petroli ikiisha katikati, na kwa Papa Édouard huisha kila mara mambo yanapokolea, naandika: "Mafuta yameisha. Mwisho sijauona. Sisemi kitu." Wananibembeleza niseme hata kidogo, nikisie. Sikisii.

Mama mkwe wangu, Mama Françoise, huwa anakaa benchi la mbele. Hajui kusoma, na lugha za kwenye televisheni hazielewi hata moja. Husinzia wakipigana, huamka wakizikana, halafu huuliza kwa sauti inayofika barabarani: "Huyu amekufa kweli, ao ni film tu?" Na hatujawahi kukubaliana. Nikisema mbaya, yeye ameipenda. Nikiisifu, yeye imemchosha. Alidai haki yake ubaoni, nikampa mstari wake chini ya wangu. Kwa filamu ya Kinijeria niliandika: "Mama mkwe ni mchawi, kwa mara nyingine. Lini atakuwa mtu tu?" Chini yake: "Mama Françoise: imenipendeza sana, hasa mchawi." Watu walikuwa wanakuja kusoma ubao hata siku ambazo hawaingii ndani.

Sasa nieleze kilicholeta ugomvi. Ilikuja filamu ya mwanamke anayemngoja mume wake aliyekwenda vitani. Siku moja wanamletea kofia ya mume, wanasema amekufa. Mwanamke analia, anaolewa na rafiki wa mume, na muziki unapigwa kana kwamba mambo yamenyooka. Niliandika: "Walimletea kofia, akaamini. Kofia si mtu. Mwanamke mzima, na hakuuliza hata swali moja. Filamu ya kipumbavu." Mama Françoise siku hiyo hakuwa na mstari. Alisema anaumwa mgongo, akaenda nyumbani.

Kila aliyesoma alijua nilikuwa namsema nani. Déo, mume wangu, mtoto wa Mama Françoise, alikwenda Rubaya kuchimba madini ya koltani. Mvua ikanyesha, kilima kikashuka juu ya mashimo. Waliofukuliwa walifukuliwa. Déo hakuonekana, si mzima, si maiti. Mwenzake mmoja alisema alikuwa shimoni. Mwingine aliapa alimwona asubuhi ile anabeba mzigo kuelekea barabarani. Nilikwenda mwenyewe. Nilichakura ule udongo pamoja na wake za wengine mpaka kucha zikatoka, nikarudi na koti lake tu, alilokuwa ameliacha kambini. Nilitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango. Mimi si mjinga, najua kilima kina uzito gani. Lakini sijauona mwisho.

Kwetu, mtu akipotea namna hiyo, ukoo unaweza kukata mgomba, kuuvika nguo zake na kuuzika badala yake, watu walie, mambo yaishe. Ukoo wa Déo ulikuwa unataka kufanya hivyo tangu mwaka jana. Nilikataa, nao wakaninyamazia. Lakini habari za ubao ule zilipanda mpaka ndani ya msitu wa Walikale, anakolima na kutega shemeji yangu Akilimali, kaka mkubwa wa Déo. Kabla juma halijaisha alikuwa amesimama uani kwangu na matope hadi magotini.

"Shemeji, batu banatucheka," akasema kabla hajakaa. "Kaka yangu iko mu udongo, na weye unaandika mu tablo ya video eti atarudi."

"Sikuandika vile. Niliandika kofia haiko muntu."

"Iko kitu moja."

"Kama iko kitu moja, basi weye njo umeelewa ile film. Nakupongeza."

Hakucheka. Akilimali hana mchezo, na akiongea hakuna pa kupenyeza neno. Alisema Samedi, yaani Jumamosi ile, wangekata mgomba, wangemzika Déo, wangelia, wangemaliza. Mimi ningevaa nyeusi, ningeacha kukaa mlangoni kwa video kama msichana. Baada ya matanga famille, ukoo wote, ingekaa na kuona nitaishi kwa nani.

"Na miye, nani ameniuliza?" nikasema.

"Mama njo anapenda tumuzike. Mama amezeeka. Anapenda kulia mutoto yake mbele ya kufa. Weye njo unamukataza."

Hapo alinipata. Mama Françoise alikuwa kibarazani anapukuchua maharagwe, anasikia kila neno. Nilimtazama nikitegemea aseme kitu, hata anitukane. Aliendelea na maharagwe yake. Tangu Rubaya nilikuwa naogopa kumuuliza swali hilo hilo: kama machozi yake nimeyazuia mimi. Niliona aibu, kisha nikakasirika kwa sababu ya aibu, na nikikasirika ulimi wangu hauombi ruhusa.

"Sawa," nikamwambia Akilimali. "Muzike. Miye nitakuja kuangalia."

"Kuangalia? Bibi haangaliake matanga ya bwana yake. Bibi analia."

"Miye nitaangalia. Mpaka mwisho."

Samedi walikuja mapema. Mgomba waliukata shambani kwangu, karibu na choo, na walichagua wenye mkungu mchanga ambao ungeiva kabla ya Noeli. Hakuna aliyeniuliza. Akilimali aliingia nyumbani, akafunga mlango ili aufikie msumari, akachukua koti. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilitaka kumnyang'anya, lakini nilikuwa nimesema nitatazama.

Walichimba mteremkoni, juu ya shamba la maharagwe. Nilibeba beseni langu, nikaligeuza, nikalikalia mbele ya watu wote, na kitenge changu cha kila siku cha maua ya manjano. Wanawake wakanong'onezana. Mmoja alitaka kunifunga kitambaa cheusi kichwani, nikamshika mkono, nikamwambia asante, mimi naona vizuri hivi.

Mgomba ulikuwa umefungwa shuka, na juu ya shuka koti, limefungwa vifungo vyote. Déo hakuwahi kufunga kifungo cha juu maisha yake yote, alisema kinamkaba. Mikono ya koti waliijaza majani makavu ya ndizi ili isinywee. Mkatekista alisoma, akafika penye kutaja marehemu, akababaika, akasema "ndugu yetu huyu," akanitupia jicho, akaendelea haraka. Akilimali akaongea. Akaongea juu ya ukoo, akaongea juu ya heshima, akaongea juu ya wanawake wa siku hizi, mpaka waliokuwa wanalia wakanyamaza kumsubiri amalize.

Kisha wakaushusha, na Mama Françoise akalia. Sikuwahi kusikia sauti ile. Haikuwa ile ya kwenye benchi la mbele. Alijitupa kwenye udongo, akashika mkono wa koti, wanaume wakamvuta na mkono ukatoa majani. Nilitaka kumkimbilia. Sikuinuka, na machozi yalinitoka nikiwa nimekaa pale pale kwenye beseni, bila kujifuta, kwa sababu yalikuwa ya mama yule, si ya mgomba. Akilimali aliyaona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani amenishinda.

Niliwangoja wapige udongo kwa majembe mpaka ukasawazika. Niliwangoja waweke msalaba. Mtu wa mwisho alipoondoka nikanyanyua beseni, nikashuka barabarani hadi kwa Papa Édouard. Alikuwa hajafungua, kwa heshima ya matanga. Ubao ulikuwa mtupu. Nikatoa chaki kwenye pindo la kitenge nikaandika, bila haraka:

"Mazishi ya Déo. Nimeyatazama mpaka mwisho. Anayezikwa hayumo. Mgomba ni wangu, ulikatwa na mkungu wake bila mimi kuulizwa. Koti ni la kweli. Mama anayelia ni wa kweli. Vingine vyote ni vya kuigiza, na shemeji anaongea mno. Mke hakufanywa mjane hapa. Siku nikichoka kumngoja mume wangu, nitasema mwenyewe."

Matanga yalikuwa hatua chache kutoka hapo, na habari ikawafikia kabla sijapangusa vidole. Walikuja wote, waliokuwa wanakula na waliokuwa wanangoja kula. Akilimali alikuwa mbele. Alisoma akisogeza midomo, na alipofika penye "anaongea mno" mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Futa," Akilimali akasema.

"Sifuti."

Akamgeukia Papa Édouard. "Kaka, hii nyumba iko yako. Hii tablo iko yako. Uifute, ao hakuna muntu ya famille yetu ataingia tena humu."

Papa Édouard aliokota kitambaa chake cha kufutia ubao. Niliogopa, kwa maana yeye ni mwoga, na familia ile hujaza mabenchi mawili. Alikikunja, akakikunjua, akatazama ubao, akanitazama.

"Miye naleta ma-film," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Tablo iko ya Mama Adelaïde. Nilishajaribu kuifuta siku moja. Haikunisaidia." Na akakikalia kile kitambaa.

Akilimali akanyoosha mkono afute kwa kiganja. Nikasimama kati yake na ubao. Sijui ningefanya nini, mimi ni mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. Nilikuwa na beseni mkononi na nadhani ningelitumia.

"Muache kwanza."

Alikuwa Mama Françoise. Walikuwa wamemwachia njia. Magoti yake yalikuwa bado na udongo wa mteremkoni na macho yamemvimba. Akaja mpaka karibu yangu, akaelekeza kidole kwenye maandishi.

"Unisomee."

"Mama, wacha hayo mambo," Akilimali akasema. "Ni matusi tu."

"Sijakuuliza weye. Adelaïde, soma."

Nikasoma. Nilisoma yote, polepole, kama ninavyomsomea siku zote. Nilipofika kwenye koti nikakosea, ikabidi nianze upya. Nilipofika kwenye mama anayelia sikuweza kumtazama, maana nilijiona nimemwanika mtu mzima mbele ya kijiji kizima. Nilimaliza.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, Mama."

"Na yangu iko wapi?"

Sikumwelewa mara moja. Nilimwambia kwamba Akilimali alisema yeye ndiye aliyetaka mazishi, kwamba alitaka kulia, kwamba mimi ndiye niliyekuwa namkataza.

"Nililia koti," Mama Françoise akasema. "Ile koti, miye njo nilishona vifungo yake, yote, na macho yangu haya mabaya. Wameitia mu shimo." Akamgeukia Akilimali, mtoto wake mkubwa, na hakupandisha sauti. "Weye ulisema mama anapenda. Lini uliniuliza? Miye nilizaa muntu. Sikuzaa mugomba."

Akilimali akashusha mkono, akarudi nyuma hatua moja.

"Andika," Mama akaniambia.

"Niandike nini, Mama?"

"Andika haikunipendeza."

Chaki ilikuwa imebaki kipande kidogo. Nilipiga magoti, kwa sababu nafasi iliyobaki ilikuwa chini kabisa, nikaandika: "Mama Françoise: haikunipendeza." Yeye aliinama, akaweka mkono wake begani kwangu, akatazama herufi ambazo hazijui, moja baada ya nyingine.

"Iko kidogo sana," akasema. "Futa hiyo yangu, uandike kubwa."

Nikaifuta kwa kiganja, nikaandika kubwa.